Mdogo wangu, ile mistari ya kijivu kwenye ramani sio urembo

Mdogo wangu,

Juzi ulivyonitumia ile njia uliyoruka nimeikuza kwenye simu nikaona umekatiza MOA katikati, yale maeneo ya anga ambako jeshi linafanyia mazoezi, na redioni hukuongea na mtu. Nikakuuliza ukanijibu "si inaruhusiwa". Sawa, hapa Marekani inaruhusiwa kweli, ukiwa VFR, yaani unaruka kwa kuona kwa macho, huombi ruhusa kuingia MOA, sio kama yale maeneo ya R, yaliyozuiwa, ambayo ukiingia kichwakichwa yakiwa yanatumika umejitafutia balaa. Ila hiyo ruhusa yako yule wa jeti haioni, yeye anakuja kwa noti 450, yaani maili 450 za baharini kwa saa, akipinduka na kupanda na kushuka, ndo mazoezi yenyewe hayo.

Sijawahi kukuambia hii. Nilikuwa bado mgeni kwenye leseni kama wewe, nikaona kidoa kwenye kioo nikajua ni mdudu kagonga, hakisogei kushoto wala kulia. Kumbe kisichosogea ndo kinachokuja kwako! Nimekaa nakiangalia kama mjinga, mara kikavimba kikawa na mabawa, kikapita chini yangu upande wa kushoto, rangi ya kijivu. Nikashusha pumzi, na hapo hapo akapita wa pili. Wanapenda kutembea wawili wawili hao, ukimwona mmoja usishangilie, mtafute mwenzake.

FAA wenyewe, mamlaka ya anga ya Marekani, wanakadiria kuona ndege, kuitambua, kuamua na ndege yako kuanza kugeuka kunakula sekunde 12.5. Mkiwa mnakuja uso kwa uso, wewe noti 100 yeye 450, muda huo mmeshakula karibu maili 2 za baharini, na kwa maili 2 jeti ikikutazama kwa pua ni kanukta tu.

Halafu usidhani wanakaa MOA tu. Ile mistari ya kijivu kwenye ramani, iliyoandikwa IR na VR, ni njia zao za mafunzo, namba ikiwa na tarakimu nne ujue njia nzima haizidi futi 1,500 juu ya ardhi, yaani kulekule unakopenda kushuka kupiga picha. Na hata nje ya mistari wapo. Tarehe 7 Julai 2015, South Carolina, jeti ya kivita F-16 iliyokuwa inafanya mazoezi ya kuja kutua Charleston iligongana na Cessna 150, ndege ndogo, iliyokuwa imetoka kupaa dakika chache tu, kwenye futi 1,470 hivi. Wa F-16 aliruka na parachuti akapona, wawili wa Cessna walikufa. Muongoza ndege alikuwa anawaona wote kwenye rada ila Cessna haikuwa inaongea naye, na agizo la kugeuka kwa F-16 alilitoa kwa "kama huioni", jamaa naye akachelewa kugeuka. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, lawama kubwa waliiweka kwa muongoza ndege, lakini mimi kila nikiisoma nakwama hapo kwenye redio.

Na ile tablet yako usiiamini sana, sio kila ndege ya jeshi inajitangaza kwenye ADS-B, ule mfumo wa ndege kutangaza mahali ilipo.

Jumamosi kabla hujatoka wapigie Flight Service, wale wa kuwapa marubani taarifa, uulize MOA inaanza kutumika saa ngapi, ukikaribia muombe muongoza ndege wa eneo hilo akufuatilie. Ukitua nitumie meseji walikuambia nini.

Kaka yako.