Dola 500? Sahau

Swahiba,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na ile orodha ya sifa za konsoli mpya ya gemu inayosubiriwa, uliyoinakili mpaka ukingoni mwa karatasi nimeisoma mara tatu. Nilicheka nilipoona teraflopsi umezipigia mistari miwili, na pembeni ukaandika: "Bei haitazidi dola 500, weka kumbukumbu." Haya, nimeweka. Sasa nisikilize na mimi, maana safari hii sikubaliani nawe karibu kila mahali.

Tuanze na hizo teraflopsi, mpenzi wako wa siku nyingi. Moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde, sawa, ila ni hesabu za chipu ya grafiksi isiyosubiri chochote, na ndani ya konsoli hakuna kisichosubiri. Chipu inangoja data itoke kwenye memori, memori inangoja diski, na wote wanaingoja prosesa iseme nani afanye nini. Umesahau tulivyobishana mwaka 2020? Wewe na Xbox Series X yako ya Microsoft yenye teraflopsi 12, mimi na PlayStation 5 (PS5) ya Sony yenye 10.28. Ulinitambia mwezi mzima. Gemu zilipoanza kutoka tukawa tunasimamisha video kutafuta tofauti kwenye majani na madimbwi ya maji, na mara nyingine yangu ndiyo ikawa mbele! Yako ilikuwa na vitengo 52 vya grafiksi, yangu 36, lakini vya kwangu vilikimbia hadi gigahezi 2.23 na vya kwako 1.825. SSD yangu, yaani diski ya kasi, ilisoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, yako 2.4. Kila mtu alikuwa na kitu cha kujivunia, na namba uliyoishikilia wewe haikuamua mshindi.

Na si sisi tu. PS5 Pro ilipotoka Novemba 2024, Sony wenyewe walisema vitengo vya grafiksi vimeongezeka kwa asilimia 67, lakini kasi ya kuchora picha ikapanda hadi asilimia 45. Memori yake waliiongezea kasi kwa asilimia 28, na prosesa ikabaki ya familia ileile ya Zen 2. Ukiona hivyo unajua foleni ilikuwa wapi.

Ndiyo maana mimi nikipewa orodha kama yako natafuta kwanza memori: ni kiasi gani, na data inapita humo kwa kasi gani. Mwaka 2013 PS4 na Xbox One zote ziliandikwa gigabaiti 8, na mtu asiyesoma zaidi angesema ni ngoma droo. Lakini PS4 ilitumia memori ya aina ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 176 kwa sekunde, na Xbox One DDR3 inayopitisha 68. Ili kuziba pengo, Microsoft waliweka ndani ya chipu kibaraza cha memori ya kasi, megabaiti 32 tu, na watengenezaji wa gemu wakawa wanahamisha vitu huku na huko kama mtu anayepika karamu kwenye jiko la figa moja. Matokeo uliyaona: gemu kadhaa zilitoka zikiwa na picha ya 1080p kwenye PS4 na 900p, yenye ukali mdogo zaidi, kwenye Xbox One.

Kiasi nacho si cha kudharau. Xbox Series S ilikuja na gigabaiti 10 wakati kaka yake Series X ana 16. Dola 299, kila mtu akashangilia, na mimi pia nilishangilia. Kisha mwaka 2023 gemu ya Baldur's Gate 3 ikachelewa kufika kwenye Xbox kwa sababu kale kadogo kalishindwa kubeba watu wawili kwenye skrini iliyogawanywa. Ilipofika Desemba, kipengele hicho kwenye Series S hakikuwepo. Chipu dhaifu unaweza kuipunguzia ubora wa picha ikapumua. Memori ikijaa imejaa. Switch ya kwanza ya Nintendo ilijikongoja na gigabaiti 4 kwa miaka minane, na nadhani kwenye Switch 2 uamuzi wa busara kuliko yote ulikuwa kupandisha hadi 12, hata kuliko ile skrini ya inchi 7.9 ambayo watu wanaisifia.

Sasa bei, maana najua hapa ndipo ulipokuwa unaniharakisha.

Hesabu yako ni ya mtu aliyekulia kwenye enzi ile. Enzi ile bei ilikuwa silaha, na ilichomolewa dakika ya mwisho. Mei 1995, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Sega walitangaza konsoli yao ya Saturn kwa dola 399. Baadaye Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akatamka "299", bei ya PlayStation ya kwanza, akashuka. Hotuba nzima ndiyo hiyo! Miaka kumi na moja mbele Sony haohao wakaleta PS3 ya dola 599, ndani ina prosesa ya Cell na Blu-ray, na hata kwa bei hiyo walikuwa wanauza kwa hasara. Nintendo nao walionja: 3DS, mashine yao ya mkononi, ilianza Marekani kwa dola 249.99 mwezi Machi 2011, na Agosti ikawa 169.99.

Sisi tukajifunza somo moja kutoka hapo: subiri, itashuka. Na kweli ilishuka. PS2 ya dola 299 mwaka 2000 ilifika dola 99 mwaka 2009. PS3 ilikatika nusu ndani ya miaka mitatu. Haikuwa huruma. Chipu ya Cell ilianza kwenye nanomita 90, kipimo cha udogo wa vijisehemu vyake, ikaenda 65, kisha 45, na kila ilipopungua sahani moja ya silikoni ilitoa chipu nyingi zaidi, zilizokula umeme mdogo na kuhitaji feni ndogo na pawasaplai ndogo. Unafuu ulishuka toka kiwandani mpaka kwako. Siku hizi kila hatua mpya ya kupunguza nanomita inagharimu kiasi kwamba unafuu huo unaliwa kabla haujatoka mlangoni. Chipu ya PS5 ilihama kutoka nanomita 7 kwenda 6 mwaka 2022, na mwaka huohuo bei ikapandishwa Ulaya kutoka yuro 499 hadi 549.

Kisha Marekani. Agosti 2025 PS5 ya dola 499 ikawa 549.99, ikiwa na karibu miaka mitano sokoni. Xbox Series X ikapanda mara mbili mwaka huo, 599.99 kisha 649.99. Hata Switch ya mwaka 2017, mzee kabisa, aliongezewa bei badala ya kupunguziwa. Hili halijawahi kututokea, swahiba. Ulipokuwa unanifundisha kusubiri, hakuna aliyewaza kwamba kitu kinaweza kuzeeka huku kinapanda.

Na mwishoni mwa 2025 memori yenyewe, ile ninayokwambia uitazame kwanza, ikaanza kuwa ghali. Sehemu kubwa ya memori ya dunia inatoka kwa Samsung, SK Hynix na Micron, na hao watatu sasa wana mteja mpya mwenye mfuko usio na kitako: vituo vya data vya akili bandia. Mwenye konsoli anasimama nyuma yake kwenye foleni. Anayetaka kuunda mashine mpya yenye gigabaiti nyingi atalipa, na wewe utamlipia.

Kwa hiyo dau langu hili hapa. Mashine kamili ya kizazi kipya, ya kuweka chini ya runinga, itaanza kati ya dola 600 na 700. Switch 2 ya kushika mkononi ilianza 449.99, PS5 Pro 699.99, na katikati ya hizo mbili sioni nafasi ya mashine yenye nguvu kuzidi zote ikauzwa 500. Ikitokea ya 500 basi imekatwa mahali, na kazi yako ni kujua mahali penyewe kabla hujanunua mbuzi kwenye gunia. Najua utaniambia kampuni hula hasara kwenye mashine ili zichume kwenye gemu. Ni kweli, zilikuwa zinafanya hivyo. Ila mtu anayepandisha bei ya mashine ya miaka mitano haonekani kama mtu mwenye hamu ya hasara.

Mahali pa kukata ninapajua vizuri, kwa sababu mimi nilikatwa. Ile mwaka 2020 nilichukua toleo lisilo na mlango wa diski ili kuokoa dola 100, nikajiona mjanja. Unakumbuka ulipokuja na diski zako nne kwenye begi, tukakaa tunaitazama ile mashine haina pa kuziingiza? Tangu hapo sijaazima gemu wala kuuza niliyoimaliza, na zile dola 100 zilirudi zilikotoka kabla mwaka haujaisha. Kwenye PS5 Pro mlango huo haupo hata kwa bei ile. Ilipotoka uliuzwa kando kwa dola 79.99, na kistendi cha kuisimamisha nacho kando. Nafasi ya kuhifadhi iko hivyohivyo. PS5 ya kwanza iliandikwa gigabaiti 825, mfumo ukishachukua zake unabaki na 667, na gemu moja siku hizi inaweza kupita 100. Switch 2 ina 256 na haikubali kuhifadhi gemu zake kwenye kadi za microSD za zamani, inataka microSD Express. Jumlisha vyote hivyo kwanza, halafu ndiyo uniambie bei.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Kama mashine uliyonayo inacheza, icheze, usiiuze kwa ajili ya orodha ya karatasi. Weka akiba kana kwamba ni 700. Siku ikitoka na ukaipenda, nunua mapema, usifanye ule mchezo wetu wa kungoja mwaka wa tatu.

Jambo moja limenisumbua tangu nifungue bahasha. Umenakili teraflopsi, umenakili rangi za padi, mpaka uzito wa boksi umeuweka. Mstari wa memori umeuruka. Rudi ulikoitoa hiyo orodha ukautafute, uniandikie.

Swahiba wako yuleyule,
mwenye mashine isiyo na mlango