Barua kwa mwanangu Nasra: Kusi hakutoroka

Muscat, usiku wa Ijumaa

Mwanangu mpenzi Nasra,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, joto limeanza kupungua, na kule gereji hakuna neno. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ninalotaka kukwambia halikai kwenye simu. Anakuletea barua hii mtu anayerudi Unguja Jumapili. Isome kwanza ukiwa peke yako, kisha umwite mdogo wako Salum.

Farasi wetu Kusi, wa ule mchezo wetu wa kompyuta wa Minecraft, hakutoroka. Salum hakuacha mlango wa zizi wazi. Kusi amekufa, na aliyemfikisha huko ni mimi.

Nimelitanguliza hilo ili usisome kurasa mbili ukijiuliza baba anazunguka nini. Sasa nikueleze yote, tangu mwanzo, maana mwanzo nao ni wako.

Unakumbuka tulivyompata? Ilikuwa likizo ya skuli. Siku ya tatu tulikuwa bado tunaizunguka ile mbuga ya majani makavu, magharibi ya nyumba yetu ya mawe, hatujaona kitu ila kondoo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba farasi wa Minecraft hukaa kwenye nyika na mbuga, makundi ya wawili hadi sita, na kwamba msituni tungepoteza wakati bure. Ukasema, "Baba, tupande kilima tuangalie chini." Tukapanda. Walikuwa watano, wanne wa kahawia, na mmoja mweusi ti, miguu myeupe kama kavaa soksi.

Ulimwendea mikono mitupu. Akakuangusha. Nikakwambia mpe sukari, mpe tufaha, atalainika haraka. Ukakataa, ukasema, "Anizoee mimi, siyo sukari." Mchezo umetengenezwa hivyo, kila farasi anapokutupa chini ukaidi wake unapungua kidogo, lakini hujui umebaki kiasi gani. Alikuangusha mara sita. Mara ya saba ile mioyo myekundu ikapaa juu yake, nikakusikia kwenye simu ukipiga kelele mpaka mama yako akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kuna nini.

Halafu tandiko. Siku hizi mtu analitengeneza kwa ngozi na kipande cha chuma, tangu mabadiliko ya Juni 2025, lakini wakati ule halikutengenezeka. Ulikute kwenye sanduku chini ya ardhi, au ulivue majini. Ukakaa na mshipi kwenye gati yetu ya mbao siku mbili. Samaki wakajaa hata hatuna pa kuwaweka, na siku ya pili magharibi ukavua tandiko. Marehemu babu yako alivua maisha yake yote pale Nungwi, na mimi siku ile nilikuona una subira yake.

Kisha tukampima. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika mchezo ule: haukwambii farasi ana mbio kiasi gani. Ukimpanda unaona mioyo yake ya uhai, basi. Mbio na kuruka vimefichwa ndani, na rangi haisemi chochote. Rangi ziko saba, alama ziko tano ukiwahesabu na wasio na alama, kwa hiyo sura zote ni 35. Lakini farasi wawili wa sura moja, mmoja anaweza kukuacha mara tatu ya mwenzake. Ndiyo maana tukajenga ile njia ya bloku 100, yale matofali ya mchezo, wewe unapanda, mimi nashika saa. Sekunde saba na nusu. Tukadhani nimebonyeza vibaya, tukarudia. Saba na nusu tena. Katika farasi wote 23 tuliokusanya, hapana mwengine aliyeshuka chini ya tisa. Ukampa jina la Kusi, na yule wa kahawia uliyemtuliza kesho yake ukamwita Kaskazi.

Ulipoingia kwenye mitihani mama yako alikuzuia kompyuta, na alifanya sawa. Mimi nilibaki nikiingia peke yangu. Huku chumbani tuko wanne. Wenzangu wakishalala, nafungua seva yetu na kuzunguka zizini. Farasi wale hawashikwi na njaa, lakini nilikuwa nawapa ngano hivyo hivyo, kwa sababu kila pahala palikuwa na kazi ya mkono wako: vibao vya majina juu ya kila banda, taa ulizozipanga moja moja, maua mlangoni. Ilikuwa kama nimerudi nyumbani wakati nyinyi mmelala.

Usiku mmoja nikamtoa Kusi. Sikukuomba ruhusa. Deraya yake ya chuma ilikuwa sandukuni, hatua mbili kutoka mlangoni, na sikumvisha, nikajiambia nakwenda hapo karibu tu. Nikafurahia mbio zake, nikavuka mto, nikaenda, nikaenda. Jua likanizamia huko. Nikaona makaa ya mawe ubavuni mwa mlima, nikashuka nichimbe. Kripa unawajua, wale maadui wa mchezo wanaolipuka: anakuja kimya, na ukisikia ule mlio wa utambi una sekunde moja na nusu. Sekunde moja na nusu zilitosha kuruka juu ya Kusi tukaondoka wote wawili. Mimi nilirudi nyuma. Nikapita ubavuni mwake, nikasimama upande wa pili, na yeye akabaki katikati.

Moshi ulipoondoka palikuwa na shimo, vipande viwili vya ngozi, na tandiko lako.

Nasra, najua ni mchezo. Najua watu wazima wangeniambia ni picha kwenye kioo. Lakini zile mara saba ulizompanda zilikuwa za kweli, na zile siku mbili za mshipi zilikuwa za kweli, na mimi nilivitumia bila kuuliza.

Farasi akifa mchezo hautangazi. Hakuna maandishi yanayotokea, hakuna atakayejua. Ulipomaliza mitihani ukaingia, na neno lako la kwanza likawa, "Baba, Kusi yuko wapi?" Nikakuandikia: labda mlango wa zizi uliachwa wazi. Maneno sita. Sikumtaja mdogo wako, lakini ni nani mwengine anayeingia zizini kuchezea milango? Nilijua utamfikiria yeye, nikanyamaza. Mama yako ndiye aliyeniambia yaliyofuata: umebadilisha neno la siri, Salum haingii tena, na alilia usiku akisema wallahi sikufungua mimi. Mtoto wa miaka saba alikuwa anasema kweli, na nyumba nzima hapana aliyemsadiki. Hilo linanichoma kuliko kifo cha Kusi, na kuliko hasira utakazokuwa nazo juu yangu ukifika hapa.

Kabla ya kalamu hii nilijaribu njia nyengine, na hilo pia lazima ulijue. Wiki mbili nimekuwa nikizunguka mbuga na nyika usiku, natafuta farasi mweusi mwenye soksi nyeupe. Nikampata, mbali sana, bloku kama 4,000 kutoka nyumbani. Nikamtuliza, nikamfunga kamba, nikamleta. Tandiko lako ninalo, lebo ya jina ninayo. Ningeandika Kusi, ningemwingiza bandani mwake, ningekwambia amerudi mwenyewe alfajiri. Ungefurahi sana.

Nikampeleka kwenye njia yetu, nikashika saa. Sekunde kumi na moja.

Nikakaa nikimtazama. Yeye hana kosa. Ni farasi mzuri, na anaruka juu kuliko Kusi. Lakini nilikuona wewe umempanda, unamsukuma, unahisi kuna kitu kimepungua na hujui ni kitu gani. Ungedhani ni wewe uliyesahau kupanda, au kwamba zile saba na nusu hazikuwahi kuwepo. Kukudanganya kuhusu farasi ni jambo moja. Kukufanya usijiamini unachokikumbuka sikuweza.

Kuna swali uliwahi kuniuliza, kama farasi wa mwitu wapo kweli duniani, nikakwambia nitakutafutia jibu. Nimelitafuta. Wale wa Marekani wanaoitwa mustang, ambao sheria inawalinda tangu 1971, asili yao ni farasi wa kufugwa waliopelekwa na Wahispania, wakatoroka, wakazaliana nyikani. Kwa hiyo wao ni kama watoro, siyo wa mwitu wa asili. Karibu zaidi na unachouliza ni farasi wa Mongolia, wenyewe wanamwita takhi: mfupi, mnene, manyoya ya shingoni yamesimama kama brashi. Porini walimalizika kabisa miaka ya 1960. Waliobaki walikuwa kwenye mabustani ya wanyama, na wote walio hai leo wametokana na wachache sana. Mwaka 1992 vizazi vyao vikaanza kurudishwa Mongolia, na sasa wanazaliana huko wenyewe. Nilikuwa nayasoma haya usiku ule ule wa sekunde kumi na moja, na ndipo nilipokumbuka banda la nyuma.

Unakumbuka siku ya mwisho kabla ya mitihani? Tuliwapa Kusi na Kaskazi karoti za dhahabu, akazaliwa mtoto, na mama yako akazima kompyuta kabla hujampa jina. Yumo. Farasi wa mchezo ule huwa mkubwa kwa dakika 20, kwa hiyo ameshakuwa mkubwa siku nyingi. Rangi kachukua ya Kaskazi, soksi kachukua za Kusi. Na unajua sheria yake: hata akizaliwa na wazazi waliotulizwa, yeye mwenyewe bado wa mwitu mpaka mtu ampande na aangushwe. Mbio anachukua sehemu kwa wazazi wote wawili na sehemu ni bahati. Sijampanda. Sijampeleka kwenye njia. Usiku wa juzi nilisimama mlangoni mwake mikono mitupu, na nikafunga mlango nikaondoka, kwa sababu mara hizi za kuangushwa ni zako.

Jambo moja zaidi, maana nataka ulione kama nilivyoliona. Ijumaa iliyopita nilikwenda na wenzangu kutazama ardha, maonyesho ya farasi ya watu wa huku. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2018, ya farasi na ya ngamia pamoja. Nilikuwa nadhani ni mashindano. Siyo. Wanatoka wawili wawili, farasi bega kwa bega, mbio za kweli kweli, vumbi limefunika kiwanja, na wapandaji wameshikana mikono. Wengine wanasimama juu ya matandiko, na bado hawaachani. Pale mwisho nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa akimfuta farasi wake jasho. Kiswahili chake cha Unguja kabisa, mama yake alizaliwa huko. Nikamuuliza inakuwaje kama mmoja ana mbio kuliko mwenzake. Akaniambia kazi yote iko hapo, mwenye mbio ndiye anayezuia hatamu.

Yule wa sekunde kumi na moja nimemweka banda la mwisho, karibu na kisima. Sijamwandika jina. Nilifikiri Salum atamtaka, lakini hilo ni lenu wawili, mimi simo.

Tandiko lako liko kwenye sanduku la mlangoni, na deraya nimeitoa nimeitundika ukutani pale ambapo mtu hawezi kupita bila kuiona. Jumatatu saa mbili usiku kwenu, saa tatu kwangu, nitakuwa zizini. Kama siku hiyo hutaki kuniona, usije. Nitakuwepo Jumanne, na Jumatano. Ila mpe Salum neno la siri hata kama mimi huji kunisalimu, na umwambie kwa mdomo wako kwamba Baba kasema aliyempoteza Kusi ni yeye Baba.

Na yeye nimemwandikia. Kikaratasi kimo humu ndani ya bahasha, nimekikunja mara nne, herufi kubwa kubwa ili asome mwenyewe bila kusomewa. Usikifungue.

Msalimie bibi, umbusu mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi baba yako.