Mifupa ikiuma kwa mgonjwa wa dayalisisi, zipimwe tezi

Mhariri,

Wagonjwa wa figo waliosafishwa damu (dayalisisi) kwa miaka, hapa Dodoma na kwingineko, hulalamika mifupa kuuma na ngozi kuwasha, wakaishia kupewa dawa za maumivu. Tunaomba zichunguzwe tezi za parathiroidi, nne ndogo zilizoko shingoni. Figo zikishindwa, fosfeti, madini yatokayo kwenye chakula, hujaa mwilini, vitamini D haiamshwi na kalsiamu hushuka. Tezi hizo humwaga homoni ya PTH, inayochota kalsiamu mifupani. PTH ipimwe kila miezi 3 hadi 6.

Kosa tunalolikuta zaidi ni la vidonge vya kukamata fosfeti. Kalsiamu kaboneti hutafunwa katikati ya mlo. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, haina chakula cha kukamatia fosfeti, na kalsiamu nyingi huingia kwenye damu. Dagaa wa kuliwa na mifupa na soda nyeusi, vyenye fosfeti, vipunguzwe.

Alfakalsidoli, aina ya vitamini D, husaidia, ila isimamishwe kalsiamu ikipanda. Sinakalseti, dawa ya kushusha PTH, huanza kwa miligramu 30 kwa siku, pamoja na chakula, na kalsiamu ipimwe ndani ya wiki moja: ikishuka mno huleta ganzi midomoni, hata degedege.

Tezi zikishakua sana, dawa hazifui dafu, hubaki upasuaji wa kuziondoa. Hatari kubwa huja baada yake, mifupa inapofyonza kalsiamu kwa kasi. Ipimwe kila saa 4 hadi 6 kwa siku 2 hadi 3 za mwanzo. Hospitali isiyoweza kupima kalsiamu usiku impe mgonjwa rufaa.

Wahudumu wa dayalisisi,
Dodoma