Mchezeshaji Asipimwe kwa Urefu na Mbio

Ndugu Mhariri,

Mabishano ya vijana wetu hapa Ngamiani, kuhusu mchezeshaji chipukizi yupi, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kugawa mpira, anastahili kuchukuliwa mapema katika uteuzi wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani ambayo timu zake huchagua wachezaji wapya kwa zamu, yameelemea mno urefu na mbio. Katika uteuzi wa mwaka 2009, ambao sisi Watanzania tunaukumbuka kwa sababu Hasheem Thabeet alichukuliwa wa 2 na timu ya Memphis, timu ya Minnesota walikuwa na nafasi ya 5 na ya 6 mfululizo, wakachagua wachezeshaji wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, wakaiachia timu ya Golden State mchezeshaji Stephen Curry, kijana mwembamba ambaye ameshatwaa ubingwa mara 4. Tony Parker naye, mchezeshaji mwingine aliyekuja kuwa bingwa, mwaka 2001 alisubiri hadi nafasi ya 28.

Kwa maoni yangu, mchezeshaji atazamwe anapobanwa na walinzi wawili: je, macho yake yako kwenye mpira anaoudunda, au yameshamwona mwenzake aliyeachwa peke yake pembeni? Mbio zina faida yake, hasa katika kurudi kukaba, na hilo silipingi. Hata hivyo, watakaojibu barua hii watueleze kwanza kijana wao hufanya nini hapo, ndipo watutajie sentimita zake.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga