Elfu kumi na tano ya kutoa tone la risasi

Wiki iliyopita kijana mmoja alitoka dukani kwetu hapa Kirumba akinung'unika mpaka barabarani: "Fundi, elfu kumi na tano kwa kutoa tone la risasi?" Ni kweli, tone lenyewe, la ile risasi ya kulehemia, lilikuwa dogo kuliko kichwa cha dagaa, na kulitoa kulichukua dakika moja. Kulitafuta kulichukua asubuhi nzima. Na kwa kuwa seti hizi za kujiundia amplifaya ya hedifoni zinazidi kuagizwa, na manung'uniko ni yaleyale, acha nieleze.

Tone lile lilikuwa limeunganisha miguu miwili ya transista. Upande wa kushoto ukawa unatoa volti 9 za DC (umeme usiobadili mwelekeo), muziki hata haujawekwa. Hedifoni ya omu 32 ikipewa volti 9 inakula wati mbili na nusu mfululizo. Ukisikiliza kawaida haifiki hata sehemu ya kumi ya wati moja. Koili ya ndani ya hedifoni ikaungua. Hedifoni yenyewe ilikuwa ya kaka yake, na bei yake ilizidi ya seti mara nne. Nadhani hiyo ndiyo iliyomuuma, mimi nikabebeshwa tu.

Angepima. Hedifoni ikiwa bado haijachomekwa, washa, punguza sauti mpaka mwisho, weka mita kwenye milivolti za DC. Ncha moja iguse graundi (sehemu ya pamoja ya pande zote mbili) ya tundu la hedifoni, nyingine upande wa kushoto, kisha kulia. Chini ya milivolti 20, endelea. Ukiona imepita 50, zima utafute kosa. Mita ya bei ya chini inatosha kabisa, na bado watu wanaruka hatua hii kwa sababu wana hamu ya kusikia wimbo.

Njia nyingine ya mkato ni adapta. Seti inataka betri ya volti 9, mtu anaona betri inaisha haraka, anachukua adapta ya zamani ya redio iliyoandikwa volti 12. Zile nzito zenye transfoma, zisizo na regyuleta (kidhibiti volti), zikiwa hazina mzigo zinaweza kutoa 17. Kapasita za kwenye bodi, vile vikopo vya kutunza chaji, zimeandikwa 16, ndiyo mwisho wake. Mwanafunzi mmoja wa Nyegezi aliniletea bodi ambayo kapasita zake zimevimba vichwa, akaniapia kwamba adapta ni ya 12. Niliichomeka tukaipima pamoja, akanyamaza. Na ukishika kapasita, mstari mweupe ubavuni ni hasi, mguu mrefu ni chanya. Ukiigeuza inaweza kulipuka, na uso wako utakuwa umeinama juu yake.

Kuna mzee alivuka na kivuko kutoka Nansio na bodi nzuri, imelehemiwa kwa subira, lakini kila kiungo kimeota ukijani. Alitumia ile asidi ya mafundi wa rejeta. Ile ni ya mabati, mzee wangu. Kwenye bodi inaendelea kula shaba hata baada ya kupoa. Tumia risasi yenye utomvu ndani yake, pasi ya kulehemia ikiwa nyuzi 350 hivi. Pasha mguu na bodi kwa pamoja, ndipo uguse risasi. Kiungo kizuri kinang'aa na kimeteremka kama kilima. Kikikaa kama kidonge, rudia. Fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kugusa ugali.

Seti za valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230 simsaidii anayeanza, hata akiongeza hela. Ndani kuna volti zaidi ya 200, na kapasita zinabaki na chaji hata ukishachomoa waya. Anza na betri.

Bei yetu ndiyo hiyo. Ukileta bodi kabla hujaiwasha, kuikagua ni elfu tano, tunaipima ukiwa umekaa pembeni unaona. Ikishaungua ni kuanzia kumi na tano, maana lazima nipime kipande kimoja kimoja. Na pale kwenye msumari karibu na mlango inaning'inia hedifoni mbovu mbovu, imefungwa gundi ya karatasi, sikio la kulia linakwaruza. Hiyo ni ya majaribio. Yako iache kwenye begi kwanza.