Risala ya wakazi kwa Mgeni Rasmi kuhusu ombi la duka la pombe kwenye kituo cha mafuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi,
Viongozi wetu wa dini, walimu, wazee, vijana na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo taarifa ya mapato, matumizi na mafanikio ya umoja imo kwenye bahasha uliyokabidhiwa mlangoni. Dakika hizi chache tunaomba tuzitumie kwa jambo moja linalozungumzwa kila nyumba: ombi la kufungua duka la pombe ndani ya kituo cha mafuta kilicho katikati ya makazi yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kituo hicho si adui yetu. Ndiko tunakojaza mafuta, ndiko watoto wanakojaza upepo baiskeli zao, na taa zake ndizo zinazomulika njia panda usiku. Wala risala hii haikuandikwa na watu wasioonja pombe. Kamati iliyoiandaa ina wanywaji, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alisema, "Mimi nakunywa, ndiyo maana najua. Ukiniuzia bia ya baridi huku nimeshika ufunguo wa gari, unanijaribu." Tulicheka, kisha tukamwambia katibu ayaandike maneno hayo kama yalivyo.

Maana kiini cha hofu yetu ni hicho. Duka la pombe la kawaida lina wateja wa kila namna, wengine wametoka nyumbani kwa miguu. Wateja wa kituo cha mafuta karibu wote ni madereva. Mwombaji anatuambia watu watanunua na kwenda kunywea majumbani. Wengi watafanya hivyo, hatubishi. Lakini Ufaransa, nchi isiyoweza kusingiziwa kuuchukia mvinyo, tangu mwaka 2009 sheria yake inakataza vituo vya mafuta kuuza pombe iliyopozwa, saa yoyote ile, na isiyopozwa nayo haiuzwi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi. Sisi tunaisoma sheria hiyo hivi: chupa ya baridi haina subira ya kufika nyumbani. Lithuania ilipiga marufuku pombe kwenye vituo vya mafuta mwaka 2016. Nchini India, Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2016 kwamba maduka ya pombe yakae umbali wa angalau mita 500 kutoka barabara kuu, ingawa baadaye umbali huo ulipunguzwa kwa miji midogo.

Pombe ikishaingia kwenye damu, ini huiondoa kwa mwendo wake lenyewe, takriban kinywaji kimoja kwa saa. Kahawa haiharakishi, kunawa uso hakuharakishi. Shirika la Afya Duniani linashauri dereva asizidi gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, na kwa vijana na madereva wapya 0.02 tu. Shirika hilohilo linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani. Barabara inayotoka kituoni, Mheshimiwa, ndiyo hiyohiyo wanayovuka wanafunzi.

Kuhusu moto tutasema kidogo, maana wenye kituo wanaujua kuliko sisi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kwa chini hadi ukutane na cheche. Kibao cha kukataza sigara humtosha mtu mwenye akili zake timamu.

Linalotukosesha usingizi zaidi ni usiku. Kituo hufanya kazi saa 24, na baada ya saa nne hubaki mhudumu mmoja, aghalabu kijana, nyuma ya kidirisha. Huyo ndiye atakayemwambia mlevi "basi, hapana"? Ndiye atakayemuuliza umri kijana mwenzake, na huku akitazama pampu na kulinda fedha za mauzo? Tukimwekea mzigo huo tutakuwa tumemwonea. Na wanywaji waliofungiwa milango kwingine watajua pa kwenda, wapasue chupa palepale watoto wanapoegesha baiskeli asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hata taarifa ya ombi hili tuliipata kwa bahati. Karatasi yenye ukubwa wa ukurasa wa daftari ilibandikwa karibu na mashine ya upepo, na mtoto aliyekwenda kujaza tairi ndiye aliyeisoma akaja kutuambia. Watu wazima tulikuwa tumeipita wiki nzima.

Mwenye kituo anasema faida ya mafuta ni nyembamba na duka ndilo linalokibeba kituo. Tunamwamini. Apanue duka lake, auze vitu vingine, nasi tutakuwa wateja wake wa kwanza.

Tunakuomba utufikishie sauti mamlaka ya leseni ili ombi hili likataliwe, na wakazi tusikilizwe kabla ya uamuzi kutoka. Ikionekana sheria inaliruhusu, basi leseni iwe na masharti ya maandishi: pombe isipozwe, isiuzwe usiku, isinyweke eneo la kituo, na asiuziwe mtu bila kitambulisho pale umri wake unapotia shaka. Mvunja masharti anyang'anywe leseni, asiishie kutozwa faini.

Mwisho, tunakuomba ubaki nasi hadi saa tano usiku. Kituo kiko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tungependa usimame nasi pale njia panda, ujionee mwenyewe mwendo wa magari yanayotoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wakazi