Mbwa akitoa udenda mwangalieni na meno

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kadogo gazetini, hii habari nimeisimulia hapa Kirumba watu wakacheka, mi sikucheka.

Nina mbwa wa ulinzi, miaka 7. Mwezi uliopita akaanza kutoa udenda, ugali anausogelea ananusa anaondoka, ukimgusa kichwa anakwepa. Mtaa mzima ukashajua, kichaa hicho! Vijana wakaja na marungu, mama tukusaidie, nawaonyesha kadi ya chanjo hawataki hata kuitazama. Siwalaumu sana, kichaa cha mbwa kinaua watu, na mbwa ambaye hajachanjwa akianza hivyo usijaribu kumfungua mdomo, muweke mbali na watoto umpigie bwana mifugo. Hata wangu mwenye kadi nilimfungia stoo kwanza nikamwita daktari.

Kumbe jino jamani. Alikuwa na uvimbe chini ya jicho mi nikajua nyuki, kumbe mzizi wa lile gego kubwa la juu umeoza na usaha unatafuta pa kutokea. Gego lilipasuka, na aliyelipasua ni mimi na mifupa yangu ya supu. Si tunaambizana huku kwamba mfupa na mapanki ndo mswaki wa mbwa? Daktari akasema kitu ambacho ukikibonyeza kwa kucha hakiachi alama ni kigumu mno kwa meno yake, na mfupa uliopikwa unameguka vipande vyenye ncha kama sindano.

Kinachoniuma ni kwamba mdomo ulikuwa unanuka tangu zamani. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo, wakaniuzia antibaiotiki, harufu ikapungua wiki mbili ikarudi vilevile, na hakuna aliyesema hebu tumwangalie mdomoni. Sasa antibaiotiki itatoaje ugaga? Ule unaanza kama utando laini wa bakteria, usipousugua ndani ya siku chache tu unashika madini ya kwenye mate unakuwa kama saruji, halafu unateremka chini ya fizi usikouona na huko ndiko mfupa unaoshikilia jino unakoliwa. Ndo maana kumkwangua na kisu akiwa macho ni kumpaka rangi tu (na utang'atwa). Wangu alipigwa dawa ya usingizi akasafishwa mpaka chini ya fizi, wakang'oa mawili. Mbwa mzima ana meno 42 kwa hiyo 40 zinamtosha, wiki haijaisha anagombana na kuku tena.

Wenye paka nao wasijisahau, paka anaumwa kimyakimya. Ukiona anachukua dagaa anaiangusha, au anatafunia upande mmoja, ujue kuna kitu. Na tafadhali msimpe panadol, hata robo, inaua paka.

Siku hizi namsugua kila jioni kwa mswaki laini wa mtoto na maji matupu, upande wa nje tu unatosha. Nilianza na kidole nimekizungushia kitambaa mpaka akazoea, wiki ya kwanza alikuwa ananikimbia nikishika tu kile kitambaa. Dawa yetu ya meno hapana, yeye hajui kutema, na nyingine zina ile sukari ya zailitoli ambayo kwa mbwa ni sumu.

Ombi langu kwa wahusika wa Nyamagana na Ilemela, siku zile za chanjo ya kichaa mbwa si wanakuwa wameshaletwa na wenyewe wamewashika? Basi kwa wale wapole mwenye mbwa ainue mdomo wa juu pembeni, bwana mifugo achungulie tu, fizi nyekundu au ugaga wa kahawia unaonekana hapohapo. Wangu alichanjwa miaka yote hiyo na hakuna siku meno yake yaliangaliwa.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza